Moja kwa Sifuri

Ngazi za kwenda Ukumbi wa Juu zilikuwa mia moja na arobaini, na Nyamizi alizihesabu mara tatu kabla ya kukubali kuamini jambo lingine lolote juu yake. Alikuwa mwanachuo wa takwimu, mwaka wa pili. Mwalimu wao alikuwa amewapa zoezi lililoonekana jepesi: kila mmoja achague kitu kimoja pale chuoni, akipime, kisha aeleze kitu hicho kinajua nini ambacho watu hawakijui. Wenzake walichagua vitu vinavyosogea. Mmoja alipima foleni ya kantini. Mwingine alipima usingizi wa mhadhara wa saa nane mchana. Nyamizi alichagua ngazi, kwa kuwa ngazi haikukwepi ukiwa na futi mkononi, na kwa kuwa hakuwa amemwona mtu yeyote akizipanda.

Zilikuwa za jiwe la chokaa, pana kiasi cha watu kumi kupanda bega kwa bega, na kingo zake zilikuwa kali kama siku zilipochongwa. Isipokuwa upande wa kushoto. Huko palikuwa na njia moja nyembamba, upana wa mtu mmoja asiye mnene, na katika kila ngazi njia hiyo ilikuwa imeliwa ikabonyea mfano wa sahani ya mchuzi. Nyamizi alipiga magoti akapima. Unyayo ulikuwa wa sentimita ishirini na mbili. Ulipanda na kushuka palepale. Hakuna mwingine aliyepita karibu nao; hakuna aliyempisha, hakuna aliyemsindikiza.

Alichukua kipande cha jiwe lilelile, akakisugua kwa soli ya kiatu mara mia mbili, akapima kilichopungua. Jiwe lilikuwa laini kuliko alivyodhani, kama sabuni iliyokauka. Akagawanya, akazidisha, akapata jibu. Akalifuta. Akaanza upya kwa kalamu nyingine, kana kwamba kosa lingekuwa kwenye wino, akapata lilelile.

Miaka mia tatu na arobaini.

Mtu mmoja. Mara moja kwa mwaka. Kupanda, kushuka. Na wengine? Wengine wako wapi? Na kama ukumbi una miaka yote hiyo, mbona kalenda ya bwenini ni mpya? Nani alikuwa wa kwanza kusema ni mpya?

Chuo hicho hakikuwa na jina. Langoni paliandikwa CHUO, basi, kama mtu anayejaza fomu na penye nafasi ya jina akaandika MTU. Kilikuwa na wanachuo mia nane, mabweni manne, kantini moja, na ule ukumbi uliofunguliwa siku moja tu, siku ya kura. Kura yenyewe ilikuwa na swali moja: Mwaka huu uishe, au urudiwe?

Yafaa kueleza hapa jinsi mwaka ulivyoendeshwa pale. Kwingineko watu huamini kwamba mwaka huisha wenyewe, kama ndizi inavyoiva, mtu apende asipende. Waliokianzisha chuo hiki hawakuamini kitu kinachoisha bila kuulizwa. Waliona kwamba mtu aliyefikishwa mwaka wa tatu bila kuutaka ni shehena tu, hata awe na vyeti vingapi mkononi. Kwa hiyo waliweka sanduku, karatasi, msimamizi, na saa: sanduku lifunguliwe saa mbili asubuhi, lifungwe saa kumi jioni. Waliandika pia kwamba kura zikilingana, mwaka utarudi, kwa sababu jambo jipya ndilo linalopaswa kujitetea, la zamani tayari limekaa. Yote hayo yalikuwa yamebandikwa mlangoni mwa kantini, kwa maandishi makubwa, na kila aliyekwenda kula aliyasoma. Hapakuwa na siri. Ukitaka kumficha mtu jambo, pengine mahali pazuri ni pale anapopita kila siku akiwa na njaa.

Lakini palikuwa na desturi nyingine, isiyobandikwa popote. Mgeni wa chuo, kabla hajaandika jina lake kwenye daftari lake la kwanza, alinakili kwanza ukurasa mmoja kutoka daftari la aliyemtangulia. Ukurasa huo uliitwa Hesabu ya Mmoja. Ulisema hivi: tuko mia nane. Wewe ni mmoja. Kura yako itaamua jambo iwapo tu wale wengine mia saba tisini na tisa watagawanyika kwa tofauti ya mtu mmoja. Hilo ni nadra. Ngazi ni mia moja na arobaini, na hizo si nadra, ziko pale kila siku. Mwenye akili atabaki chini.

Nyamizi naye alikuwa ameinakili, kwa mwandiko mzuri, na kuipigia mstari.

Jioni ile alimkuta Sikudhani, mwenzake wa chumbani, amekaa kitandani na miguu ameitia kwenye beseni la maji ya chumvi. Sikudhani alikuwa mke wa mtu, mumewe fundi seremala ng'ambo ya mto, na alikuwa na mimba ya miezi minane. Alikuwa nayo ya miezi minane tangu Nyamizi amfahamu.

"Umetoka kuzipima tena?" Sikudhani aliuliza. "Shoga, wenzio wanatafuta wachumba, wewe unatafuta ngazi."

"Nionyeshe kadi yako ya kliniki."

"Ya nini?"

"Nataka kuona kitu."

Sikudhani aliitoa chini ya mto. Ilikuwa kadi ya kawaida, ya rangi ya waridi, yenye safu ya uzito, safu ya presha, na safu ya mwisho iliyoandikwa Siku ya Kujifungua. Katika safu hiyo nesi alikuwa ameandika: mwezi ujao. Chini yake: mwezi ujao. Chini yake tena: mwezi ujao. Maneno hayo yalishuka hadi mwisho wa kadi, yakageuka nyuma, yakapanda pembeni kwa herufi ndogo, yakaendelea kwenye karatasi iliyopachikwa kwa pini, na karatasi nyingine iliyopachikwa kwenye ile.

"Hukuwahi kushangaa?" Nyamizi aliuliza.

"Nilishangaa. Nesi akasema mimba ya kwanza haina haraka." Sikudhani alilipapasa tumbo. "Huyu sasa amehudhuria mihadhara mingi kuliko mimi. Nikimzaa atatoka na joho."

Alicheka, na Nyamizi akacheka, kisha Sikudhani akaacha kucheka kabla ya mwenzake.

"Anacheza?"

"Kila siku. Anapiga mateke matatu, ananyamaza. Matatu, ananyamaza. Kama anayebisha hodi." Alitoa mguu mmoja kwenye beseni, akautazama ulivyovimba. "Nyamizi, mtu akibisha hodi sana bila kufunguliwa, si huondoka?"

Nyamizi hakuwa na takwimu za jambo hilo. Lakini alichukua kalamu akahesabu mistari ya kadi, na usiku huo, kwa mara ya kwanza, swali lake lilipata mwenyewe. Hadi hapo lilikuwa swali la jiwe. Sasa lilikuwa la mtu ambaye hakuwa na jina wala namba ya usajili, na ambaye hangezaliwa mpaka mwaka uishe.

Kesho yake, siku moja kabla ya kura, alianza kutafuta ule unyayo. Mabwenini watu waliacha viatu nje ya milango, na Nyamizi alipita kila korido na futi yake, akipima malapa, raba, makubadhi, akidhaniwa ni mwizi na mara mbili akidhaniwa ni mchawi. Mlango wa mwisho kabisa wa bweni la nne ulikuwa na malapa ya sentimita ishirini na mbili, soli imelika upande wa kushoto. Alibisha.

Aliyefungua alijulikana na wote kwa jina la Bi Mwanakheri, na hakuna aliyejua kwa nini aliitwa Bi, kwani alikuwa mwanachuo kama wao, namba mia nane, ya mwisho kwenye orodha. Chumba kilinukia mkaa. Alikuwa akipiga pasi gauni jeupe mezani. Akiinama juu ya ile pasi ya mkaa alikuwa bibi mwenye shingo ya mikunjo. Akiinua uso alikuwa msichana wa mwaka wa kwanza. Nyamizi alimtazama mara kadhaa ili ajue ni yupi kati yao, akashindwa, akaamua kusalimia kwa tahadhari.

"Shikamoo."

"Shikamoo ya nini, si tuko darasa moja?" Bi Mwanakheri alimsogezea kigoda kwa mguu. "Haya, marahaba. Kaa. Umekuja mapema mwaka huu."

"Mapema kuliko lini?"

"Kuliko ule mwingine. Ule mwingine ulikuja asubuhi ya kura yenyewe, na kamba ya katani. Futi umeipata wapi?"

Nyamizi alikaa. Mtu mwingine angeogopa. Yeye alitoa daftari.

"Nimekuja mara ngapi?"

"Hii ya tisa. Mara zote unaanza na ngazi. Una akili, lakini akili yako ina njia moja."

"Na ni wewe unayepanda."

"Ni mimi. Kila mwaka navaa gauni langu, napanda, nachukua karatasi, naandika urudiwe, natumbukiza, nashuka. Msimamizi anahesabu kura moja, anaandika daftarini: moja kwa sifuri. Nimeshinda." Alitema mate kidogo kwenye kidole, akaigusa pasi ili aisikie inavyolia. "Mara mia tatu na arobaini na tatu."

"Mimi nilipata mia tatu na arobaini."

"Umekosea mitatu. Si vibaya."

Nyamizi aliandika namba ile. Alisubiri hasira imjie, kwa kuwa aliona ni mahali pake, lakini kilichokuja kilikuwa swali tu.

"Kwa nini urudiwe?"

"Napenda hapa. Napenda wali wa Ijumaa. Napenda kusoma kitabu kilekile na kukikuta kimebadilika. Nikitoka nje naenda wapi mimi? Wewe unayo sababu ya kutoka, basi nenda kaiandike. Mimi yangu nimeiandika."

"Lakini watu mia nane wamefungwa hapa kwa sababu yako."

Bi Mwanakheri aliweka pasi kando. Uso wake ulikuwa wa msichana, na ulikuwa umeudhika.

"Sikiliza, mwanangu. Sijaiba kura ya mtu. Sijafunga mlango. Sanduku linakuwa wazi saa mbili hadi saa kumi, na msimamizi anakaa pale anakula mihogo yake peke yake. Na nikuambie lingine ambalo mwaka juzi uliliona mwenyewe bila kuambiwa: hata nisipopanda, itakuwa sifuri kwa sifuri, kura zimelingana, mwaka unarudi. Sihitajiki. Napanda kwa kuwa nikipata kitu napenda niwe nimekichagua. Ninyi mwaka mnaletewa. Ndiyo maana hamuukumbuki. Mimi miaka yangu ninayo yote."

Hapo Nyamizi alielewa ule uso. Ile miaka ilikuwa imeandikwa, basi ilimkaa. Wengine walizeeka pia, maana ndevu hazisubiri matokeo ya kura, lakini walizeeka bila kujua, kama nguo inavyochakaa sandukuni.

"Mara nane nimekuja hapa nikajua haya yote," alisema polepole. "Halafu nikafanya nini?"

"Ulikwenda kuwaeleza wenzako."

"Na hawakunisikia?"

"Walikusikia sana. Unaeleza vizuri. Mwaka mmoja ulichora na picha." Bi Mwanakheri aliirudia pasi yake. "Saa kumi ikakukuta unaeleza."

*

Tuchukue Hesabu ya Mmoja tuitazame kama anavyoitazama Nyamizi usiku ule, akiwa amelala chali, dari ikiwa karatasi. Haina kosa. Mstari wa kwanza ni kweli, wa pili ni kweli, wa mwisho unatoka kwenye wa kwanza kihalali. Anaipitia kama mtu anayetafuta jiwe kwenye mchele. Hakuna jiwe. Kuna kitu kingine, ambacho hakikuandikwa kwa kuwa aliyeandika alikiona ni dhahiri: kwamba wale wengine wote watapanda. Kura yangu ni ndogo kwa sababu zenu ni nyingi. Basi hesabu hii ni kweli mpaka siku itakapoaminiwa. Siku watu mia nane watakapoiamini, mia saba tisini na tisa hawatakuwepo ukumbini, na yule mmoja atakayekosea hesabu, atakayepanda kwa ukaidi au kwa kupenda wali wa Ijumaa, atakuwa chuo kizima. Kumbe iko kweli inayokufa kwa kuaminiwa. Je, ziko nyingine? Ngapi? Nani anazipima? Na mimi, ninayelijua hili, nikishuka kuwaeleza, nitakuwa nimefanya nini? Nitakuwa nimeongeza ukurasa mwingine wa kunakili.

Asiyekuwepo na lake halipo. Methali hiyo aliisikia tangu utotoni, akadhani inahusu mgao wa nyama.

*

Siku ya kura ilikuwa na jua. Hakuna mhadhara siku hiyo, na wanachuo walikuwa wametapakaa uwanjani chini ya ngazi, wakianika godoro, wakisukana, wakicheza drafti kwa vizibo vya soda. Nyamizi alikuwa amekusudia kupanda saa mbili asubuhi. Lakini alipanga apande pamoja na Sikudhani, kwa kuwa kura yake moja dhidi ya ile ya Bi Mwanakheri ingekuwa sare, na sare ilikuwa ya Bi Mwanakheri. Sikudhani alikuwa ameamka miguu imevimba, akasema asubiriwe mpaka ipungue. Wakasubiri kantini. Na pale kantini alikuwepo Chediel.

Chediel alikuwa mwanachuo wa sheria, bingwa wa drafti, mwenye ndevu nyeupe hadi kifuani. Ukimwuliza umri alisema ishirini na mbili, na ndevu alisema ni chaki.

"Profesa wa ngazi!" alimwita. "Njoo utufundishe. Nasikia unapima hadi malapa ya watu."

Nyamizi hakutaka kukaa. Alitaka kusema neno moja tu, akasema, Chediel akalijibu, na jibu lake lilikuwa na kosa dogo ambalo lingechukua dakika mbili kulisahihisha.

"Kwa hiyo nikipanda mimi, tunashinda?" Chediel aliuliza baadaye, watu kumi na watano wakiwa wamewazunguka.

"Ukipanda wewe na mimi. Wawili kwa mmoja."

"Na shoga yako Siku anapanda?"

"Anapanda."

"Basi mko wawili tayari! Wawili kwa mmoja, mmeshinda. Mimi wa nini?" Aligeukia watu, wakacheka. "Akili ni nywele, dada, na mimi zangu ziko kidevuni. Ama mnanihitaji, na hapo hesabu ya wazee wetu ni ya uongo. Ama hamnihitaji, na hapo niacheni nile kete za huyu bwana. Chagua moja."

Ilikuwa hoja nzuri. Ilikuwa na ufa mwembamba katikati, na Nyamizi aliuona ufa huo, na aliona pia njia tatu za kuufungua, ya tatu ikiwa na mchoro. Alivuta karatasi. Watu walisogea. Alianza kueleza, na alieleza vizuri. Alijisikia akieleza vizuri, kila sentensi ikifuata iliyotangulia kama watu walioshikana mikono, na nyuso zao zikifunguka moja baada ya nyingine. Alikuwa amefika kwenye neno "iwapo" alipoinua macho akaona saa ya ukutani. Saa tisa na dakika ishirini na tisa.

Aliacha neno lile palepale mezani, bila neno la pili.

"Iwapo nini?" mtu aliuliza.

"Siku, inuka," alisema Nyamizi.

"Iwapo nini, Profesa? Usituache hewani!"

Hakugeuka. Alikuwa akihesabu: ngazi mia moja na arobaini, sekunde kumi na mbili kwa ngazi kwa mjamzito mwenye miguu ile, jumla dakika ishirini na nane. Walikuwa na thelathini na moja. Dakika tatu za ziada, kwa maisha yote ya mtu mmoja.

Walipanda katikati, mahali ambapo hapakuwa na alama ya mguu. Sikudhani alimshika begani, akapumua kwa mdomo. Kutoka chini walisikia vicheko, kisha vizibo vya drafti vikigongwa, kisha hawakusikia kitu. Kwenye ngazi ya tisini Sikudhani alisimama, akaketi.

"Umechoka?"

"Hapana."

Nyamizi alitazama saa yake ya mkononi, akajizuia kuitazama tena.

"Nataka nikuulize, na usinipe hesabu," alisema Sikudhani. "Huyu humu ndani hajawahi kuugua. Hajawahi kulala njaa. Hakuna aliyemtukana. Kila mwezi nesi anamsikiliza moyo, anasema uko sawa. Nikishamtoa, mimi ndiye nitakayekuwa nimemtoa. Likimpata la kumpata huko nje, nitasema nini?"

Nyamizi alifungua kinywa. Alikuwa na majibu. Yalimjia manne kwa pamoja, yote yakiwa na mpangilio mzuri. Aliyatazama, akakumbuka mara nane ambazo hakuzikumbuka.

"Sijui," alisema. "Mimi nimepima ngazi tu."

"Ndiyo hiyo? Mwaka mzima unanisumbua na kadi yangu, halafu sijui?"

"Nikikwambia uandike nini, nitakuwa nimekuletea. Karatasi ni yako."

Sikudhani alimtazama kwa muda uliokula dakika mbili na nusu. Kisha alinyoosha mkono ili anyanyuliwe, wakaendelea kupanda.

Walikanyaga kizingiti cha ukumbi saa ya ndani ikianza kugonga kumi. Msimamizi, mwanamume mwembamba mwenye koti la kijivu na maganda ya mihogo mbele yake, aliwatazama kama mtu aliyeletewa barua ya zamani. Alipekua kanuni, akaona kwamba aliye ndani ya mlango kabla ya kengele ya mwisho atapiga kura, akawatafuta kwenye orodha, akawapata. Bi Mwanakheri alikuwa ameketi kwenye benchi la ukutani na gauni lake jeupe, karatasi yake ingali mkononi, imekunjwa.

"Bado hujapiga?" Nyamizi aliuliza.

"Mwaka huu nilitaka nione kwanza nani atakuja."

Waliingia kwenye kituturi mmoja mmoja, pazia likafungwa nyuma ya kila mmoja. Nyamizi aliandika uishe, herufi tano, akaikunja karatasi, akaitumbukiza sandukuni. Sikudhani alikaa ndani muda mrefu. Bi Mwanakheri aliingia wa mwisho, akatoka upesi, na alipotoka Nyamizi hakuweza kusema ametoka na uso upi.

Msimamizi alifungua sanduku. Karatasi tatu zilimletea shida, alizoea moja. Alizipanga mezani, akazigeuza, akazipanga upya, kisha akasoma kwa sauti ya mtu asiyezoea kusikilizwa.

"Uishe, kura mbili. Urudiwe, kura moja."

Hakuna aliyepiga vigelegele. Nyamizi aliwatazama wale wawili. Mmoja wao alikuwa ameandika urudiwe. Sikudhani alikuwa akitazama sakafu, Bi Mwanakheri alikuwa akitazama dirisha, na nyuso zote mbili zilikuwa zimefungwa kwa adabu ileile. Aligundua kwamba alitaka kujua kuliko alivyowahi kutaka kujua kitu chochote, na kwamba hapakuwa na futi ya kupimia hilo, na kwamba pazia lilikuwa limewekwa pale na watu wenye busara kwa ajili ya mtu kama yeye.

Nje, upepo ulibadilika. Kelele za uwanjani zilikatika ghafla, kama darasa linaposikia nyayo za mwalimu.

Kisha Sikudhani akasema "Ee," neno dogo, la mshangao mtupu, na sakafu chini yake ikawa na maji.

"Nyamizi. Sasa hivi. Siyo mwezi ujao."

Walimtoa hadi juu ya ngazi, Nyamizi upande mmoja, Bi Mwanakheri upande wa pili, na hapo wakasimama. Wawili hao hawakutosha. Kupanda alikuwa amepanda kwa miguu yake. Kushuka ilikuwa habari nyingine. Msimamizi alikuwa mzee mwenye ugonjwa wa kifua. Chini, wanachuo mia saba tisini na saba walikuwa wamesimama uwanjani, wakijigusa ndevu, wakigusana mvi, wakitazamana kwa macho ya watu walioamshwa.

"Tunahitaji mtu!" Nyamizi alipaza sauti. "Anazaa!"

Sauti iliwafikia. Aliiona ikiwafikia, safu kwa safu. Aliona vichwa vikiinuka, kisha aliona kila kichwa kikigeuka kumtazama wa jirani, kwa kuwa walikuwa wengi, na katika wengi hivyo mmoja lazima angekwenda. Aliweza kuusoma ukurasa mzima kwenye shingo zao. Sikudhani alimminya mkono mpaka mifupa ikalia.

Kisha mtu mmoja akaanza kupanda. Alipanda vibaya, ngazi mbilimbili kwanza, halafu moja moja, halafu kwa mikono na miguu, ndevu nyeupe zikipepea begani. Alikuwa Chediel. Alipofika juu hakuwa na pumzi ya utani.

"Wengine?" Nyamizi aliuliza.

"Sikuwauliza." Aliinama, akafungua mikono yote miwili mbele ya Sikudhani. "Nishike wapi?"